Wimbo Wenye Kigugumizi

Jumatatu, 3 Machi

Sina wimbo. Jumamosi ni mashindano ya bendi, sharti ni wimbo wa kutunga wenyewe, na mtunzi wa bendi yetu ni mimi. Nilijitangaza mwenyewe, hakuna aliyenisukuma.

Leo binamu yangu, mpiga dramu na mwenye gereji tunamofanyia mazoezi, ameniweka kando. Kwa upole wa kutisha. Amesema besi yangu haijawahi kumsisimua kiumbe, kwamba nilichukuliwa kwa ajili ya kichwa, na kama kichwa nacho kimelala, yuko dada mmoja mpiga kinanda anaulizia nafasi. Mpiga gita wetu, tunayemwita Kimya, alitazama viatu vyake. Ndivyo anavyopiga kura.

Niliandika mistari minne kazini, nyuma ya karatasi iliyoharibika. (Shahada ya fasihi, duka la fotokopi. Tusiliongelee.) Mteja akaibeba kwa bahati mbaya pamoja na vyeti vyake. Sikumwita. Haikuwa hasara.

Jumanne, 4 Machi

Nimewaza kutwa mbele ya mashine. Mwanga unapita, nakala inatoka ya moto, na mteja anaondoka ameridhika.

Zile bendi kongwe za roki, zenye nywele mabegani na suruali za kubana, zilifanya nini? Zilichukua nyimbo za wazee waliokuwa wakipiga gita moja barazani, zikaongeza sauti na kubadilisha jina. Kila mtu anajua. Na bado picha zao zimejaa ukutani kwa binamu, videvu juu, utadhani wao ndio walioumba mbao na nyuzi! Wazee wa barazani hawana picha hata moja mle. Nimechoka kuwa mwaminifu asiye na picha.

Hitimisho: kuazima si kosa. Kosa ni kuazima kinachojulikana.

Jioni nikashuka kwa muuza santuri, chini ya duka la taa. Huniita msomi, nami humsamehe bei zake kali. Nikamwambia nataka wimbo ambao hakuna aliyeusikia. Akatabasamu kama daktari anayeujua ugonjwa. Akatoa santuri ya bendi iliyokufa kabla sijazaliwa, lugha siielewi. Santuri yenyewe haiuzwi, alisema, ni kama mtoto wake, lakini angenirekodia kwenye flashi. Akaapa kwamba hajawahi kumpa mwingine. “Msomi, haki ya Mungu, wewe wa kwanza.”

Wimbo! Kabla ya kiitikio gita linashikwa na kigugumizi: noti tatu, noti tatu, noti tatu zilezile, kisha linajirusha mbele. Nilisisimka mpaka utosini. Hiyo ndiyo hali yangu! Kutaka kusema jambo, likakwama kooni. Nani leo anathubutu kutunga hivyo?

Jumatano, 5 Machi

Nimeupa maneno ya Kiswahili. Unaitwa “Ukuta Wangu”. Unahusu upweke.

Mazoezi yalikuwa mateso. Binamu alishindwa kabisa na kigugumizi, akasema hakihesabiki kwa mapigo yoyote anayoyajua. Nikamweleza kwa kirefu kuhusu nafsi iliyopasuka. Akanisihi nikome, atajitahidi. Kimya alikipata mara moja, kisha, jambo ambalo halijawahi kutokea, akasema neno. Alisema kinasikika kama santuri inayoruka. Nikamwambia asiwe mtu wa juujuu. Akarudi kwenye viatu.

Binamu aliuliza kama kweli nimetunga mwenyewe. Nikasema ndiyo. Akanikumbatia, akasema alijua damu haipotei, na yule wa kinanda atamwambia asubiri. Nilijisikia vibaya mpaka kwenye kona ya mtaa.

Nyumbani niliimba nikiosha vyombo. Mama akaja mbio na maji, akidhani nimepaliwa.

Alhamisi, 6 Machi

Tumepanga zamu ukumbini, kwa karatasi ndani ya kofia. Bendi tano.

Koti alikuwepo. Ndiye kiongozi wa bendi inayoshinda kila mwaka. Huvaa koti la ngozi katika joto hili na hatoki jasho. Simchukii kwa ajili ya vikombe. Namchukia kwa ajili ya jasho. Akanisalimia, “Vipi, fotokopi?” Wote wakacheka. Kimya pia, kwa mabega.

Koti akapata ya kwanza. Sisi ya pili. Ya pili! Nani anakumbuka wa pili? Wakubwa hufunga jukwaa. Vijana wa kwaya ndio waliopata ya mwisho, basi nikawavuta pembeni, nikawaeleza kwa huruma kwamba majaji hufikia mwisho wameshasinzia. Wakabadilishana nami na kunishukuru. Mmoja aliahidi kuniombea.

Nilipomsimulia mama, alisema tu, “Chelewa chelewa, mwanangu.” Nikamwambia hiyo ni ya watoto, si ya muziki.

Jumapili, 9 Machi

Jana siwezi kuieleza. Naieleza.

Koti akapanda. Akapiga noti ya kwanza, nami nikaijua kama ninavyolijua jino langu bovu. Wimbo wangu! Maneno yake yalihusu pikipiki. Na kabla ya kiitikio: noti tatu, noti tatu, noti tatu. Ukumbi ukalipuka. Binamu akanigeukia. Nikajifanya nakaza uzi.

Wakaja vijana wa kwaya. Wimbo uleule, sauti nne, kuhusu msamaha. Kigugumizi wamekiimba kwa vinywa, na macho wamefumba. Watu wakaanza kuangaliana. Bendi ya tatu ikapiga kelele zake yenyewe, za kutunga kabisa, mbaya sana, na watu wakaenda kununua soda. Ya nne, madaktari wa meno wawili, wimbo uleule, kuhusu bahari.

Binamu akaninong'oneza kwamba kama nina maelezo niyatoe sasa. Nikamwambia sanaa iko hewani, huweza kuwaangukia wengi kwa pamoja. Alisema kitu kuhusu mama yangu na mama yake kuwa ndugu, na kwamba hilo ndilo linaloniokoa.

Tukapanda. Ukumbi mzima ukaimba nasi! Kila mtu na maneno anayoyataka. Kwenye kigugumizi wakakanyaga sakafu, noti tatu, noti tatu, mpaka taa zikatikisika. Kwa dakika chache nilikuwa na furaha, naandika ukweli. Kisha jaji mkuu akashika kipaza sauti. Ushindi ni wa Koti, kwa ubunifu. Akanitazama mimi. “Bibie, kuiga bila aibu naelewa. Lakini kuiga wa mwisho?”

Nilimfuata Koti mlangoni. Nikamwuliza kwa ukali kama yeye ndiye aliyetunga. Akasema, “Dada yangu, kwani wewe ulitunga?” Alikuwa mkavu kabisa. Akaongeza kwamba hakuiba vizuri kuliko mimi, aliwahi tu.

Jumatatu, 10 Machi

Binamu ametuma ujumbe: wa kinanda anaanza kesho, nikachukue besi yangu. Kimya ametuma picha ya viatu. Nadhani ni pole.

Nikashuka kwa muuza santuri kumpasulia ukweli. Hakupepesa macho. Alisema kila bendi ilikuja ikitaka wimbo usiojulikana, naye huo ndio anao. Nikamwuliza kuhusu kigugumizi. Akaitoa santuri, akanionyesha mkwaruzo: mjukuu wake aliikokota sakafuni kama gari. Nilikaa kwenye ngazi. Nafsi iliyopasuka! Gari la mtoto!

Akanihurumia. Akaniletea chai, kisha akaninong'oneza kwamba iko nyingine, hajawahi kumpa yeyote. Safari hii nimemwapisha kwa mjukuu, si kwa Mungu. Nikauliza pia mashindano yajayo zamu ya kwanza inaombwa wapi.

Amenirekodia kwenye flashi ileile, nimeisikiliza mara nyingi sasa. Katikati kila kitu kinakatika. Kimya kirefu, hata pumzi husikii, kisha gita linarudi kana kwamba halikuondoka. Ujasiri gani huu! Hakuna mtunzi wa leo anayethubutu kunyamaza hivyo.

Kesho nikienda kuchukua besi nitamsikilizisha binamu. Tutaupiga na kimya chote, mpaka mwisho wake.