Kuhusu Kufuli la Mnara wa Bandari Ulioko Marani

Kwako Katibu Obwocha,
Kamati ya Kuhifadhi Mnara wa Ishara.

Pokea salamu na heshima. Naomba radhi kwa kimya changu kirefu. Tangu ulipopewa ofisi sikutaka kukusumbua, nikijua kwamba mtu mwenye kiti kipya anahitaji muda wa kukizoea. Leo nakuandikia wewe Katibu. Mtoto wa dada yangu nitamsalimu mwishoni.

Mnara huo wa hapa kilimani naujua. Marehemu baba yangu ndiye aliyekuwa akipandisha bendera hapo kila meli ilipoonekana ikikaribia gati kule mbali ziwani, ili watu wateremke na ngozi na mahindi yao kabla haijaondoka. Meli zilipokoma, mnara haukustaafu. Wanawake wetu waliurithi. Mmoja alikuwa akipanda, na alipoliona lori la kiwanda likikata kona ya Nyakoe alipunga leso. Wenzake wakayatoa majani ya chai kivulini na kuyapeleka kituoni yakapimwe. Kisha mkaja kuuhifadhi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mmetia kufuli. Mnara uliojengwa ili mtu apande aone mbali, sasa mtu husimama nje ya uzio akautazama wenyewe. Juma lililopita mke wa mwanangu, Nyanchera, alisubiri lori kituoni tangu asubuhi, kwa kuwa hakukuwa na wa kumpungia. Jua lilikuwa kali, majani yakapata joto mifukoni, na karani wa mizani akayakataa. Alirudi nayo nyumbani, akamlisha ng'ombe, ambaye naye hakuyapenda. Majani hayo ndiyo karo ya wajukuu zangu.

2. Mlinzi wenu, Ombui, amepewa kanuni za bandari naye anazifuata. Alimwambia Nyanchera, "Mama, hapa ni bandarini. Bila kitambulisho cha baharia hupandi." Nyanchera akamjibu, "Baharia gani, Ombui? Wewe mwenyewe mto huuvuki mpaka ubebwe mgongoni!" Watu walicheka. Ombui hakucheka, kwa sababu ni kweli.

3. Mmesimika kibao kinachokataza kuogelea. Nakiri kwamba kimetiiwa: hakuna hata mmoja aliyeogelea kilimani tangu siku hiyo. Hayo ni mafanikio ya kwanza ya Kamati, na nisingependa yasahauliwe kwenye ripoti.

4. Sasa tufikiri kwa utaratibu. Ikiwa pana mlinzi wa bandari, kanuni za bandari na mishahara ya bandari, basi bandari ipo. Ikiwa bandari ipo, maji yalikuwapo. Ikiwa maji hayaonekani, yamechukuliwa. Naomba uchunguzi rasmi ufanywe: ziwa letu liko wapi? Wapo wanaonong'ona kwamba lilipitishwa kwa watu wenye jamaa ofisini, kama ilivyotokea kwa lami yetu. Mimi sisemi hivyo. Naandika tu kwamba wapo wanaosema.

5. Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, moja kati ya mambo mawili. Ama mturudishie ziwa hadi usawa wa uzio, pamoja na meli moja isiyo kubwa sana. Ama mtuachie ufunguo. Nadhani ufunguo ni rahisi zaidi, lakini mimi si mtaalamu wa turathi.

6. Mwenyekiti wenu alitueleza barazani kwamba lazima mnara ubaki kama ulivyokuwa. Nakubaliana naye kabisa. Ulivyokuwa, palikuwa na mtu juu yake.

Nisalimie mama yako Celestine, mkeo Linda, wajumbe wote wa Kamati, na yule dereva wenu anayelala garini mnapofanya mikutano. Zungumzeni bila haraka, chai yenu isipoe. Uamuzi ukishatolewa, nitakuandikia tena, ama kukushukuru ama kukushtaki.

Ni mimi mjomba wako,
Josiah Anyona,
Mwalimu mstaafu, Marani.

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, Nyanchera ameingia akiwa amelowa chapachapa. Mvua ya leo imelichukua daraja, na mto umefurika bonde zima. Lori limekwama ng'ambo, na majani yake yako huku. Kwa hiyo yafute yote niliyoyaandika hapo juu. Kufuli liacheni, hakuna lori la kutazamiwa. Ziwa tayari tunalo. Tuleteeni meli.