Tairi Nne za Mezani

Ifahamike kwa umma, na asiyejua kusoma asomewe, kwamba Idara ya Usambazaji wa Dawa imepata ufumbuzi wa kudumu wa suala la tairi. Umepatikana ndani ya miezi saba tu, katika vikao kumi na tisa, na hakuna mjumbe hata mmoja aliyechafua kiatu.

Chanzo cha yote ni dereva, ambaye wenzake walimwita Gia. Kila siku ya Mungu alipeleka dawa kwa lori hadi zahanati ya kilimani: lami kidogo, kokoto nyingi, kisha mwinuko wa udongo ambao mvua ikinyesha hata mbuzi huupanda kwa adabu. Tairi zake zilikuwa kipara. Mara mbili lori lilirudi kinyumenyume hadi ukingoni mwa korongo, na mara ya pili Gia alifika nyumbani akashindwa hata kula. Aliogopa, na hakuona haya kusema. Akaomba tairi nne za kuhimili njia zote. Akaundiwa Kamati.

Anayesema wakubwa hawasikii, huyo ana lake jambo. Kamati ilimsikiliza Gia dakika nne nzima. Alikuja na shemeji yake, fundi tairi, pamoja na tairi moja waliyoiazima kwenye lori la mchanga linalopanda mwinuko uleule kila siku. Ilikuwa na matope, lakini meno yake bado yalikuwa marefu. Shemeji alieleza kwamba ina miaka miwili barabarani, ubavu wake ni mnene, na mawe ya kule yameshindwa kuichana.

Mwenyekiti, ambaye ndiye mkuu wa idara, alitandaza gazeti kabla haijawekwa chini. Akaitazama kwa masikitiko. Kwa mujibu wa kigezo namba moja, alisema, uimara ni kutochakaa, na hii imechakaa.

Hapo mjumbe mmoja akapata wazo, akagonga meza. Meza ya mwenyekiti ni kioo kikubwa kilicholazwa juu ya tairi nne. Zilinunuliwa miaka tisa iliyopita kwa ajili ya lori hilohilo la dawa, mwenyekiti akazipenda, basi zikabaki ofisini. Wajumbe wakainama kuzikagua. Miaka tisa kazini, chini ya mafaili mazito na viwiko vya wakubwa, na hazina hata mchubuko. Zilipita kwa kura zote.

Shemeji akachomeka ukucha ubavuni, mpira ukameguka kama mkate mkavu.

"Mzee, tairi ikikaa bure inakufa," alisema. "Hizi ni maiti."

Akakumbushwa kwamba yeye si mjumbe.

Gia hakubisha, mkono usioweza kuukata, ubusu. Mwenyekiti akatangaza kwamba atazizindua mwenyewe, ameketi mbele, hadi zahanati. Na kwa kuwa uongozi ni kuona mbali, akatoa waraka, nakala moja kwa kila dereva: kwa usalama wa viongozi, ni marufuku kiongozi yeyote kupanda gari ambalo tairi zake hazijapitishwa na Kamati.

Siku ya uzinduzi mvua ilinyesha. Kwenye lami mwenyekiti alisifu utulivu wa safari. Kwenye kokoto akashika dashibodi kwa mikono miwili. Mwanzoni mwa mwinuko tairi ya nyuma ikapasuka, ya pili ikafuata, lori likakaa kitako kwenye matope. Gia alishuka, akaona korongo bado liko mbali, akashusha pumzi.

Lori la mchanga likatokea, likitafuna matope polepole. Gia akapakia maboksi ya dawa juu ya mchanga, moja baada ya jingine, kisha akapanda. Mwenyekiti, soksi zimelowa, naye akainua mguu.

Gia akatoa waraka mfukoni, akaukunjua kwa heshima zote.

"Samahani, mkuu. Tairi hizi Kamati ilizikataa. Mimi ni dereva tu, lakini wewe ni kiongozi."

Mwenyekiti akausoma mpaka kwenye sahihi. Ilikuwa yake.

"Sasa mimi nitatokaje hapa?"

"Omba tairi, mkuu, kwa maandishi," Gia akamwambia kwa upole, lori likiondoka. "Mimi nilijibiwa ndani ya miezi saba tu."