Haragwe Refu Kuliko la Fundi Cherehani

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimekabidhiwa jukumu zito! Binti yangu wa darasa la tano ameenda likizo kwa shangazi yake, kaniachia maharagwe yake mawili ya sayansi, kila moja na kopo lake. Moja liko dirishani, jingine kabatini, gizani. Akirudi atayaeleza mbele ya wazazi, na atakayewapiku wenzake ataiwakilisha shule kwenye maonyesho. Anaitaka nafasi hiyo kufa na kupona. Kanionya nimwagilie maji kidogo tu, na nisihamishe kopo hata moja. Nikamwambia aondoe shaka. Mimi ni kinyozi. Vitu vinavyoota ndiyo kazi yangu.

Jumatano, 5 Machi
Fundi cherehani, jirani yangu, kaja kunyolewa. Mwanawe yuko darasa moja na binti yangu. Akajigamba mbele ya wateja wangu wote kwamba haragwe la mwanawe limefika urefu wa mkasi! Damu ikanichemka. Mashine ikateleza kidogo kisogoni kwake. Bahati mbaya kabisa.

Nikakimbia nyumbani na mkasi wangu kupima. La dirishani: fupi, nene, kijani. Aibu! Nikafungua kabati. Mungu wangu! La gizani limerefuka hilo, mkasi hauoni ndani! Basi mchezo umekwisha. Nimelitia na la dirishani kabatini. Najua aliniambia nini, ila atanishukuru.

Jumanne, 11 Machi
Mambo moto! Yote mawili yanapanda. Mama watoto kaniuliza nachekelea nini kabatini. Nikasema natafuta chumvi. Akasema chumvi iko mezani, mbele ya pua yangu. Mwanamke huyu ana macho.

Jumamosi, 15 Machi
Yamepauka kidogo, kweli, na yanapenda kulala. Nimeyasimamisha kwa vichanuo vyangu viwili. Binti aliporudi nikamfungulia kabati kwa mbwembwe zote.

Akalia. Akasema alitaka kulinganisha mmea wenye mwanga na usio na mwanga, mengine yote yakiwa sawa, na sasa hana cha kulinganisha. Mmea hutumia mwanga kujitengenezea chakula. Ukiwa gizani hurefuka kwa kuhangaika kuutafuta, huku ukila akiba yake, na akiba ikiisha unakufa. Nikaona haya kwelikweli. Chakula hakikupita kooni, ukiondoa sahani ya kwanza.

Jumatatu, 17 Machi
Siku yenyewe! Mtoto wa fundi akainua haragwe lake la kijani, wazazi wakapiga makofi. Fundi akanitazama kama mtu anayenihurumia. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kisha binti yangu akasimama, kajikaza. Akasema kopo la kwanza lina mmea ulionyimwa mwanga tangu mwanzo, na la pili lina mmea ulionyang'anywa mwanga na baba yake. Ukumbi mzima ukaangua kicheko! Akawaonyesha shina: chini nene, juu jembamba na la manjano. Akaweka kidole pale unene unapoishia, akasema hapa ndipo baba alipoingilia. Mwalimu akasema hajawahi kuona ushahidi ulio wazi namna hiyo, akamchagua yeye.

Nililia machozi ya furaha mbele za watu. Binti akanishika mkono, akaniomba nisiguse tena kitu chake cha shule. Nikaapa. Fundi akaondoka bila kuaga. Tumeshinda!

Jumanne, 18 Machi
Sikulala kwa furaha. Maana ushindi ule umeletwa na nini? Giza! Leo nimeziba madirisha ya kibanda changu cha kunyolea kwa mapazia mazito na kutundika kibao mlangoni: NYWELE ZINAREFUSHWA HAPA. Wenye vipara wawili wameshakaa vitini, kila mmoja na kofia tatu nyeusi kichwani. Wameuliza watajuaje kama dawa imekolea. Nimewaambia wakianza kupauka na kuegemea ukuta, wasiogope. Ndiyo inafanya kazi.