Safari Hii Mpira wa Genna Naurusha Mimi

Ijumaa, 24 Tahsas
Miaka mitatu mfululizo mpira wa kufungua mchezo wa magongo wa sikukuu karusha shemeji Ayalneh, mtu ambaye mkono wake hautishi hata kuku. Mimi ujanani niliupiga kwa gongo ukavuka mlima, ukarudi msimu wa mvua uliofuata. Waulizeni waliokufa.

Heshima hiyo wazee humpa anayejua mambo ya kanisa. Basi nitawaeleza tarehe ya Genna, Krismasi yetu, imetoka wapi.

Jumapili, 26 Tahsas
Nimesema baada ya ibada, wilaya yetu ya Lasta nzima ikisikia. Mariamu alipata mimba 29 Megabit. Ongeza miezi tisa, ongeza siku tano za Pagume, kale kamwezi ka mkia wa mwaka. Nimehesabu kwa vidole, vya miguu pia. Kristo kazaliwa 29 Tahsas. Ni Jumatano hii, Alhamisi haifiki.

Mwalimu wa kanisa, Merigeta Tirfe, akakohoa. Eti ni kweli, ila huu ni mwaka wa Yohana, unaofuata mwaka mrefu, Pagume iliyopita ilikuwa na siku sita, na mtoto hangoji tumboni kwa ajili ya kalenda. Kwa hiyo mwaka huu ni 28, keshokutwa. Mwakani inarudi 29.

Ayalneh akasema shemeji, hata punda wako anajua hilo.

Nikaona njama. Nikaapa mbele ya wote: ikiwa ni 28, mpira arushe Ayalneh, mimi uwanjani sikanyagi.

Jumanne, 28 Tahsas
Kijiji kizima nguo nyeupe. Wamedanganywa, maskini. Nimebaki ndani na shiro ya unga wa dengu isiyo na siagi, nafunga peke yangu hadi kesho kama nabii. Harufu ya kuku wa Ayalneh inaingia bila hodi.

Mke wangu Wagaye karudi midomo inang'aa mafuta. Kasema kaka yake karusha mpira ukaangukia mguu wake mwenyewe. Nilijua.

Jumatano, 29 Tahsas
Nimevaa nyeupe, gongo begani. Uwanjani punda tu. Nimerusha. Umekwenda mbali sana, punda shahidi.

Nimerudi nikamkamata jogoo. Wagaye akaniuliza, mzee, leo siku gani? Nikasema Genna. Akasema leo Jumatano, ya mfungo kama Jumatano zote. Sikukuu ilikuwa jana, ukaila shiro. Mwachie jogoo wa watu.

Jogoo kanitazama kwa dharau.

Si kitu. Ushahidi sasa ninao, kijiji kizima kimesherehekea 28. Mwakani nitamwahi Merigeta, niape mbele ya wote kwamba Genna ni 28. Ayalneh atatafuta pa kuficha uso.