Wanachama Kumi na Tisa wa Picha ya Ukutani

Jumatatu, 14 Julai 2025

Bila mimi, Nyeri haingekuwa na historia. Ingekuwa na baridi tu. Mimi Mutahi, mweka hazina wa Chama cha Urithi wa Gatitu, ndiye nalinda vibuyu, mikuki na vigoda vya mababu katika ile nyumba ya mawe. Paa linavuja. Tumefunika vigoda na nailoni. Wafadhili wa Nairobi wako tayari kutulipia mabati mapya, bora tuwe na wanachama thelathini waliolipa ada. Niliwaambia tuko thelathini. Tuko kumi na mmoja.

Mwalimu Wachuka, katibu wetu, amestaafu kufundisha lakini hajastaafu kukaripia. Alisema paa likikosekana, vitu vya mababu vitaoza kabla ya Krismasi, na mimi niende nikachunge mbuzi. Ati mbuzi! Mtu aliyesoma darasa la saba mara mbili!

Jumanne, 15 Julai

Akili! Ukutani kuna picha ya mwaka wa 1947. Wanaume kumi na tisa waliojenga nyumba hii, majina yameandikwa nyuma kwa penseli. Kumi na tisa jumlisha kumi na mmoja ni ngapi? Nikanakili wote kwenye daftari la wanachama. Walishakufa, hakuna wa kulalamika.

Wa mwisho ni Njeru, fundi wa mawe kutoka upande wa Embu. Aliangukiwa na jiwe papa hapa. Hakuacha mke, hakuacha mtoto. Kwenye picha hana sura, alitikisika wakipigwa picha. Nilipomaliza kuandika jina lake, chumba kikapoa ghafla. Julai hiyo. Nikatoka nje kuota jua. Hakukuwa na jua.

Alhamisi, 17 Julai

Mkosi. Wafadhili wanamtuma mama anaitwa Gacheri, Jumamosi saa nne asubuhi. Ataita majina moja moja. Kila mtu aitikie, alipe mia mbili mbele ya macho yake.

Sikupoteza muda. Nilimwona Ben wa bodaboda, nikampa pesa ya kondoo niliyemuuza bila mke wangu, Mama Murugi, kujua. Aniletee wanaume kumi na tisa. Mia mbili ya ada, mia ya kuitikia. Nani mwingine Nyeri hii ana bongo kama hii?

Ijumaa, 18 Julai

Ben amerudisha pesa yote. Mtu wa bodaboda kurudisha pesa! Hapo tu nilipaswa kuogopa. Anasema wanaume wake walikubali vizuri, hadi mmoja akasoma majina na kuyatambua. Ati hakuna mtu anaitikia jina la marehemu kwa shilingi mia. Ukiitikia, umempisha akae mahali pako.

Nikamwambia mimi nililala makaburini kule Mweiga siku tatu nikiwinda fisi kwa mikono mitupu, sikuona kitu. Akaniuliza, sasa Baba Murugi, si basi uitikie wewe? Nikakumbuka nilikuwa na haraka.

Jumamosi, 19 Julai

Ukungu mzito tangu asubuhi. Lango halionekani. Wanachama kumi na mmoja tumeketi kama watu wa matanga. Nilikuwa nimetayarisha hotuba juu ya homa ya matumbo iliyoshika watu kumi na tisa siku moja.

Mama Gacheri akaita jina la kwanza la picha. Theuri. Nikafungua mdomo. Mlangoni sauti ikasema, niko.

Akaingia mwanamume, akalipa. La pili: niko. La tatu: niko. Walikuwa wanatoka kwenye ukungu mmoja mmoja, na sura zao zilikuwa zile za ukutani! Masikio yale. Paji la uso lile. Niliandika risiti kama kuku anayeparura.

La kumi na tisa. Njeru. Nikatazama mlangoni, hakuna mtu. Halafu, nyuma kabisa, karibu na ukuta: niko. Sikumwona akiingia. Koti refu, kofia imefunika uso. Aliweka mezani sarafu kumi za shilingi ishirini, baridi kama mawe ya mtoni. Akaombwa sahihi, akaweka dole gumba. Akasimama pale pale. Nikaelewa anangoja risiti. Nikampa.

Mama Gacheri amefurahi. Paa tumepata! Chai sikungoja.

Jumapili, 20 Julai

Nje ya kanisa Mwalimu Wachuka amenicheka hadi miwani ikaanguka. Eti nilidhani hasomi daftari, mimi kichwa maji? Wa nne kwenye picha ni babu yake! Kwetu mtoto hupewa jina la babu, kwa hivyo majina yale yote bado yanatembea. Alipigia wajukuu simu siku tatu. Wameitikia majina yao halali, wamelipa pesa yao halali. Nikamwambia huo ndio ulikuwa mpango wangu tangu mwanzo.

Kisha akaacha kucheka. Akaniuliza yule wa kumi na tisa nilimtoa wapi. Yeye alipata wajukuu kumi na wanane. Njeru hakuacha mtoto, hakuna aliyepewa jina lake. Alidhani ni mtu wangu.

Mimi nilidhani ni wake.

Jumatatu, 21 Julai

Nimeangalia picha. Njeru bado hana sura. Lakini mkononi ana karatasi nyeupe. Mwalimu anasema imekuwepo siku zote. Labda. Kiti cha nyuma, karibu na ukuta, kina vumbi la mawe. Nimekifuta mara tatu, linarudi.

Mama Gacheri amepiga simu: tukifika hamsini, tunapewa milango na madirisha. Hamsini ni kitu gani! Kuna picha nyingine kabatini, wachuma kahawa ishirini wa Gakindu. Nimeshanakili kumi na wanne.

Shida ni Mwalimu, anahesabu risiti. Wanachama thelathini, risiti ishirini na tisa. Hata yule wa koti amelipa. Anataka kujua ni nani huyu mmoja hajalipa ada tangu 2021, na aliponyokaje Jumamosi. Nimemwahidi uchunguzi mkali.

Jumamosi niliitikia kwa sauti kubwa sana, nikiwa nimeshika sanduku la pesa.