Mvua Imesimamishwa kwa Tangazo

Tangazo lilisomwa kwenye kipaza sauti cha msikiti, mtaa mzima pale Bogor, Indonesia, ukasikia: kuanzia Jumatatu, mvua imesimamishwa ndani ya kata hii hadi ukuta wa ofisi utakapokamilika. Pak Ruhiyat, mkuu wa kata, ndiye aliyeliandika, na alilipenda sana. Jumamosi Pak Camat, mkuu wa tarafa, angekuja kuuzindua. Hakuna ukuta, hakuna kiti cha ukuu wa kata.

Mvua haikupata taarifa.

"Mkuu, matofali yameloa chapachapa, yanateleza juu ya saruji," fundi Sobandi akalalamika. "Tufunike turubai, tungoje."

"Turubai ni la jukwaa la wageni."

"We Ruhiyat! Si wewe ulinifukuza kazi enzi zile, eti nimejenga kwenye mvua?"

"Enzi zile nilikuwa fundi. Sasa ni mkuu, sitakiwi kujua."

Hatua stahiki zikachukuliwa. Pilipili na vitunguu vikatungwa kwenye njiti za ufagio na kuchomekwa uani, kama walivyofanya bibi zao kuzuia mvua. Ikanyesha zaidi. Ikabaki hatua ya mwisho: chupi ya mwenye shughuli kurushwa juu ya paa la ofisi.

"Ipi?" mkewe, Bu Imas, akauliza. "Ya matundu au ya Idi?"

"Ya Idi. Hii ni shughuli ya serikali."

Akairusha mwenyewe. Na wallahi, Jumamosi jua likawaka! Ukuta umesimama, umepakwa chokaa, na Ruhiyat kifua mbele. Moyoni, yule fundi wa zamani alikuwa akimzomea.

Pak Camat akakata utepe, akaupigapiga ukuta kwa kuusifu. Ukuta ukalala chali, taratibu, bila kumgusa mtu. Papo hapo mvua ikamwagika, wakubwa wakakimbilia chini ya turubai. Paa la ofisi sasa lilionekana vizuri.

"Nini ile kule juu?"

"Chupi yangu, Mheshimiwa. Ya kuzuia mvua."

Watu wakang'ata midomo. Pak Camat akamsogelea, akanong'ona: "Inafanya kazi? Maana na mimi najenga ghorofa."

Ruhiyat akaona kiti chake kinamrudia hivihivi, kinamngoja aseme ndiyo tu. Akautazama ukuta, akajicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Haifanyi kitu, Mheshimiwa. Kinachozuia mvua ni hilo turubai, na lina kazi ya kufunika matofali. Sobandi, lete ngazi!"

Akaanza kufungua kamba za turubai, wakubwa wakiwa bado chini yake.