Faili la Mama Mkwe Lagoma Kuhifadhika

Jumatatu, 9 Machi

Leo nimeanza. Nyumba tulivu. Ni cherehani ya mke wangu tu inayonguruma kwa upole, maana kompyuta yetu inaishi kwenye kona ya meza yake ya kukatia vitambaa. Nimepewa robo ya meza. Inatosha. Wakubwa wengi walianzia konani.

Jambo lenyewe ni hili. Mama mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa mtangazaji wa redio kwa miaka kumi na tisa. Si wa habari wala wa muziki. Alisoma matangazo ya vitu vilivyopotea na vilivyookotwa. Ametutoka miaka kumi na moja sasa, na katika ukoo mzima hakuna aliyewahi kurekodi sauti yake. Jana, mezani kwa baba mkwe, tukasikia kwamba redio ile imeweka tepu zake za zamani kwenye mtandao. Mwisho Jumamosi saa sita mchana, kisha ukurasa unafungwa moja kwa moja. Baba mkwe akaweka kijiko chini, asikiokote tena. Shemeji, kaka wa mke wangu, muuza vifuniko vya simu anayejiita Injinia, akafungua kinywa. Nikamwahi! Nikasema, "Baba, niachie mimi." Mbele ya watu wote. Mimi, mwandika mabango.

Nimeweka programu ya kupakulia. Faili ni nene, tepu za mwaka mzima zimefungwa pamoja. Kwa intaneti yetu ni saa tano na ushee. Programu ikauliza faili nilipe jina gani. Hapo sasa! Nikaandika: SAUTI YA MAMA MKWE: JE, UMEPOTEWA NA NINI? Nukta pacha mahali pake, alama ya kuuliza mahali pake. Bango safi.

Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Sijui niueleze vipi. Ukiutazama hausogei. Ukigeuka kutazama dirisha, ukirudi, umesogea. Kama mwanga wa jua sakafuni. Nikaona ni njia ndefu ya majani, na mwisho wake kuna mwanamke ameketi, karatasi mkononi, anasubiri taa nyekundu iwake. Mke wangu akaniuliza kama nimelala. Nikasema nafanya kazi.

Asilimia mia! Nikasimama. Kikatokea kisanduku: "Imeshindikana kuhifadhi faili." Chini yake maandishi madogo, mengi, kama masharti ya bima. Nikabonyeza Funga. Kila kitu kikapotea. Saa tano!

Ni intaneti. Haiwezi kuwa kitu kingine.

Jumanne, 10 Machi

Nimeipandisha ruta juu ya kabati, nikaifunga kwa utepe wa kupimia wa mke wangu ili isianguke. Akiutaka anapanda kiti, anapima nguo ya mteja kabatini.

Nimezima simu zote za nyumbani. Nimemwomba jirani wa ukutani azime na yake, kwamba mawimbi yanagongana. Akaniuliza mawimbi gani. Nikamwambia asijali.

Nikaketi. Mstari ukaenda. Saa ya nne hivi nikawa sipo tena chumbani. Nilikuwa ndani ya ule waya mwembamba, na vitu vyote vilivyowahi kupotea vinapita pembeni yangu polepole: miavuli, funguo, glavu ya mkono mmoja, kitabu cha shule chenye jalada la gazeti. Vinaogelea bila haraka. Vinajua viendako. Mimi ndiye sikujua.

Asilimia mia. Kisanduku. "Imeshindikana kuhifadhi faili." Funga!

Mke wangu akauliza kisanduku kimesema nini. Nikamjibu kimesema upuuzi. Akauliza upuuzi gani hasa. Nikamwambia mambo ya kompyuta hayaelezeki kwa maneno. Akaomba utepe wake.

Jumatano, 11 Machi

Mbinu mpya: ujasusi. Nimekwenda dukani kwa Injinia nikijifanya napita tu. Nikamwambia nina rafiki, rafiki tu, anapakua faili na linagoma kuhifadhika. Injinia akaegemea kaunta kama daktari bingwa. Akasema, "Shemeji, mwambie huyo rafiki yako diski imejaa. Afute takataka." Kisha akauliza huyo rafiki hajambo mkewe, yule mshonaji. Nikanunua kifuniko cha simu nisichokihitaji ili niondoke na heshima.

Nikafuta. Lo, nilifuta! Kuna folda lilikuwa na picha mia tatu za magauni. Nani anahitaji magauni mia tatu? Picha zikaenda pipani. Diski ikawa nyeupe na pana kama kiwanja baada ya mvua. Nikaanza upya, na jina nikaliandika tena kwa herufi kubwa, safari hii na mkwaju katikati: MAMA/MKWE. Unapendeza macho.

Mchana akaja mteja wa mke wangu, bibi harusi mtarajiwa, kuona mishono. Mke wangu akafungua folda. Akafunga. Akafungua. Akanigeukia. Nimeoa miaka tisa, sijawahi kuliona jicho lile. Nikamwelekeza pipani. Akazirudisha zote kwa kubonyeza mara moja, huku akimwambia mteja kwamba kompyuta ina mgeni.

Asilimia mia. Kisanduku. Funga. Chakula nilipakuliwa kikiwa baridi. Angalau hicho kilipakulika.

Alhamisi, 12 Machi

Baba mkwe kaniita. Ni fundi saa mstaafu. Sebule yake ina saa ishirini na mbili ukutani, na hakuna mbili zinazokubaliana. Ukiketi mle muda unakuwa laini. Unasikia ni saa tatu, kisha saa tisa, kisha saa tatu tena, na wewe hujazeeka hata kidogo.

Nilikwenda nikiwa nimeazimia kukiri. Nikamkuta amepiga pasi shati jeupe, amelitundika mlangoni. La Jumamosi, akasema. Redio yake ndogo ilikuwa mezani, imefutwa vumbi mpaka kwenye tundu la flashi. Betri mpya.

Akaniambia hataki mengi. Maneno yote keshayasahau, na maneno ni ya wenye vitu vyao. Anachotaka ni ile pumzi ambayo marehemu alikuwa akiivuta kabla ya kusema "mwenye nacho". Alikuwa akiisikia jikoni, sebuleni, hata kwa jirani kupitia dirisha. Sasa anakumbuka kwamba ilikuwepo, lakini haisikii. Akasema, "Mwanangu, nimeitafuta humu ndani kila mahali." Akagusa sikio.

Nikasikia sauti yangu ikisema tumefika asilimia tisini na tisa.

Akafurahi! Akauliza faili nimelipa jina gani. Nikalighani. Macho yakamlowa. Akaomba niongeze jina lake la utani la redioni, Mama Vilivyopotea, na nyota moja kila upande. Nikaahidi. Jina sasa linajaza mstari mzima, na nyota zake. Kazi ya kujivunia.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Njiani sikuona mtu.

Ijumaa, 13 Machi

Imeshindikana tena. Na nyota na kila kitu.

Mbinu ya mwisho. Naiandika hapa kwa sababu daftari halisemi. Muuza dawa wa mtaa wetu, mama mmoja, ana sauti nzuri, ya chini, yenye pumzi. Ukimsikia akisema "mara tatu kwa siku" unapona kabla ya kumeza. Nikawaza: tepu ni ya zamani, ina mikwaruzo, na masikio ya mzee si ya jana. Nikaandika tangazo la mwavuli mweusi, nikalichukua hadi dukani kwake na simu ya kurekodia.

Alikubali. Alisafisha koo. Akasoma nusu, vizuri mno, mpaka nywele zikanisimama. Kisha akasita akauliza ni ya nini. Ningeweza kusema uongo. Nina uzoefu. Lakini ile sauti ilinilegeza, nikamweleza yote, mpaka shati la mlangoni.

Akakunja karatasi akanirudishia. "Baba, mzee huyo atafurahi dakika moja, halafu atajua. Na akijua, atakuwa amempoteza mara mbili." Akanipa na dawa ya kichwa bila mimi kuiomba.

Nikaketi nje kwenye ngazi ya duka. Watu wakapita. Mmoja akaangusha leso. Nikaiokota, nikamkimbilia, nikampa. Kitu pekee nilichofanikisha wiki hii.

Jumamosi, 14 Machi

Saa kumi na mbili asubuhi nilishaketi. Nafasi moja tu. Jina kamili, nyota mbili. Mstari ukaanza safari.

Saa nne akaja Injinia na kompyuta yake ya mapajani kwapani. Kumbe baba mkwe kamwambia tangu juzi tuko asilimia tisini na tisa, na Injinia anajua kupiga hesabu. Akasema amekuja kusaidia. Hakuja kusaidia. Alikuja kuokoa, ambayo ni dhambi tofauti. Lakini kumbe naye alianza tangu Alhamisi kwa siri, na yake inagoma kuhifadhi kwa sababu zake: kompyuta ile ni ya mwenye duka, haimpi ruhusa hata ya kuweka picha ya paka. Nilifurahi. Naandika ukweli: nilifurahi, na mzee akiwa amevaa shati lake anasubiri.

Tukabishana. Mimi nikasema intaneti, yeye diski. Tukatoka uani ili tubishane kwa nafasi. Alinyanyua mkono, nikanyanyua kifuniko cha simu alichoniuzia, nikamwambia hata hiki hakiingii!

Tuliporudi saa ilikuwa tano na dakika arobaini na tisa. Kisanduku kimeshatokea. Mke wangu ameketi mahali pangu, sindano mdomoni, kidole kwenye kioo. Nikapiga kelele abonyeze Funga. Akachomoa sindano.

"Subiri kwanza. Nasoma."

Akasoma kwa sauti, polepole, yale maandishi madogo: "Jina la faili haliwezi kuwa na nukta pacha, alama ya kuuliza, mkwaju wala nyota. Faili lako bado lipo. Andika jina jingine, kisha bonyeza Hifadhi."

Injinia akatazama dari. Mimi nikatazama Injinia.

Faili lako bado lipo. Kila siku! Kila siku lilifika, likasimama mlangoni, likabisha hodi kwa adabu, na mimi nikalifungia mlango usoni.

Mke wangu akafuta jina langu lote. Akaandika neno moja: mama. Akabonyeza Hifadhi. Ikahifadhi. Hakuna kengele, hakuna fataki. Kisanduku kikajiondokea kama mtu aliyekwisha kueleweka. Ndipo nikaona analigusa lile neno kwenye kioo, nikakumbuka kwamba alikuwa mama yake. Wiki nzima nilimwita mama mkwe.

Alasiri tukawa sebuleni kwa baba mkwe. Flashi ikaingia redioni. Mikwaruzo, kama mvua mbali. Halafu yeye. "Kimeokotwa kiatu kimoja cha mtoto, cha kushoto, cha bluu." Pumzi. "Mwenye nacho afike mapokezi."

Ile pumzi. Saa ishirini na mbili zikawa zinagonga na hakuna aliyezisikia. Ikaanguka karatasi kule studio, na yule mama, akidhani hasikiki, akanong'ona, "Miwani yangu nimeiweka wapi mimi?" Baba mkwe akacheka. Akacheka mpaka akashika meza. Akasema, "Kichwani! Iko kichwani mwako!" Kisha akaniomba nirudishe pale pale. Nikarudisha. Mara saba. Mke wangu alishona upindo wa gauni bila kutazama, na kila mshono ukapinda. Injinia akasema anakwenda kuangalia tairi. Hana gari.

Jua likaingia dirishani, likatambaa sakafuni. Hakuna aliyesogea.

Jumapili, 15 Machi

Nimeamka mtu mwingine. Habari zimeenea mtaani kwamba nimeokoa sauti kutoka mtandaoni. Sikuzieneza mimi peke yangu.

Injinia, ambaye jana alitazama dari tu, kapita kuuliza tulifanyaje hasa, alikuwa na jambo lake la kuhifadhi. Nikamwambia ni uvumilivu na kipaji. Mke wangu akakohoa.

Asubuhi nimeandika bango: DAKTARI WA KOMPYUTA. MAGONJWA YOTE. Mteja wa kwanza kafika kabla rangi haijakauka: mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili. Printa yake haichapi. Nikaenda naye. Chumba kizuri, mapazia yanapumua, paka juu ya kamusi. Nikabonyeza Chapa. Kikatokea kisanduku. Nilisoma maneno mawili ya kwanza, "Weka karatasi", nikakifunga. Mashine kubwa namna ile haiwezi kushindwa na karatasi.

Nimemwomba bisibisi.